Kilichokuwa Tumboni mwa Gogogo

Vijana wangu wa maabara, mmeniomba mara nyingi niwaandikie habari za kazi yangu, basi leo nimekaa. Ila nawaambia mapema, mwenye pua nyepesi asogee kando. Mimi nilikuwa napasua matumbo ya samaki. Kazi hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto na kunijengea nyumba hii ya Igogo, hapa Mwanza, mnayokuja kunywa chai. Watu wengine waliamka wakaenda benki, wengine sokoni. Mimi niliamka nikaenda kutazama samaki amekula nini jana.

Marehemu mama yangu hakuielewa kazi hii mpaka anaingia kaburini. Aliwaambia majirani kijijini kwamba Kabula wake ni daktari wa samaki, na kwa kuwa daktari ni daktari, kila nikienda likizo nilikuta kuku wamefungwa miguu wananisubiri. Siku moja nilikuta na mbuzi mwenye jicho bovu. Nilimweleza mwenye mbuzi kwamba wagonjwa wangu wote hunifikia wakiwa wameshakufa. Alinitazama kidogo, akamfungua mbuzi wake, akaondoka naye bila kuaga.

Aliyenifundisha ni Mzee Magesa. Nilipoajiriwa alikuwa fundi mkuu wa maabara yetu ya samaki, Mjita mwembamba, mkimya, mwenye koti jeupe lililofuliwa mpaka likawa la kijivu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua uso kutoka kwenye hadubini, kisha akaniambia ninawe mikono nilete sahani ya kuchambulia. Huo ndio ulikuwa usaili wangu.

Mambo aliyonifundisha hayakuwa kwenye kitabu nilichosoma chuoni, au kama yalikuwemo basi niliyapita. Alinifundisha kuingiza kisu kwa kuanzia nyuma kuja kooni, makali yakitazama juu, ili utumbo usichanike na kumwaga vyote. Alinifundisha kwamba samaki akishakufa tumbo lake halina habari, linaendelea kusaga, kwa hiyo dawa ya kuhifadhia iwe mkononi pale pale kwenye mtumbwi. Ukisubiri kufika mjini utakuta uji. Tena alinionya nisimwamini sana samaki aliyekaa wavuni tangu jioni. Huko wavuni anaweza kumeza mwenzake aliyenaswa pembeni, ama akatapika kwa hofu, nawe ukaandika kwamba ndiyo desturi yake.

Nilipouliza nitajuaje kitu kilichokwisha kusagika, aliniita nitazame kwenye hadubini. Buu la mdudu linayeyuka, lakini kichwa chake kigumu kinabaki, kidogo kama punje ya mtama iliyovunjika. Konokono anapondwa vipande, ila kile kifuniko anachojifungia mlangoni kinabaki kizima. Kwa hiyo tulikuwa tunasoma mabaki. Mpaka leo nikiosha vyombo nikaona maganda kwenye sinki, najua nani kala nini, na wajukuu wangu hawapendi.

Sasa niwaeleze gogogo, maana ninyi mmekulia kwenye sangara na sato wa kufugwa. Gogogo ni wa ukoo wa kambale. Ni mdogo, ana masharubu, hana magamba, na ana miiba mitatu: mmoja mgongoni na miwili ubavuni nyuma ya mashavu. Ukimshika anaifungua yote na kuikaza kama mlango uliotiwa komeo, halafu analia, mlio wa kukwaruza unaousikia mpaka kwenye mfupa wa kiganja. Katika maji yetu wako wa aina mbili. Wavuvi hawakuwa na haja ya kuwatofautisha, kwao wote ni gogogo na wote wanaharibu nyavu. Lakini ukiwalaza pamoja, mmoja ana madoa madogo kama aliyenyunyiziwa wino na mwingine ana mabaka mapana. Sisi pale maabara tuliwaita Madoa na Mabaka, na hayo ndiyo majina nitakayotumia.

Mkubwa wetu wa kazi, mama mmoja tuliyemwita Dokta tu, alikuwa na swali lililomnyima raha. Madoa na Mabaka ni ndugu wa karibu, midomo yao inafanana, wanaishi mto mmoja. Kama wanakula chakula kile kile, mbona mmoja hajamfukuza mwenzake? Akatuchagulia mto mmoja unaoingia Ghuba ya Speke, mashariki ya Mwanza, tukaanza kwenda huko na mtumbwi wa injini.

Swali hilo lilikuwa la wasomi, na lingebaki hivyo kama si ningu. Ningu ni samaki anayepanda mto wakati wa masika kwenda kutaga, na zamani watu wa huko walimngoja kama watu wanavyongoja mavuno. Wakati ule alikuwa amepungua sana. Wavuvi walitafuta mchawi wakampata: gogogo. Walisema gogogo amejaa mdomoni mwa mto na anakula mayai ya ningu yote. Walitaka ruhusa ya kuvuta kokoro, lile juya la kukokota mpaka ufukweni ambalo limekatazwa, kwa msimu mmoja tu, wamsafishe gogogo amalizike.

Tulipofika mwaloni kwao, pale ufukweni wanaposhushia samaki, na vifaa vyetu, mkutano ulikuwa tayari umeitishwa. Mwenyekiti wa mwalo, Masalu, alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti ya chini, na watu walimsikiliza. Alisema baba yake alimlisha ningu, na yeye watoto wake anawalisha maneno. Wanaume wakaguna kumuunga mkono. Pembeni walikuwa wanawake wanaobanika samaki, na mmoja wao, mjane aliyeitwa Nyanjige, akasimama. Yeye alinunua gogogo ambao wavuvi waliwatupa, akawavunja miiba kwa kijiti, akawabanika na kuwapeleka soko la Kirumba. Hakuwa na mtumbwi wala shamba.

Alisema, "Mnasema mnamsafisha gogogo. Mimi ndiye mnanisafisha."

Dokta ndipo alipoomba wasivute kokoro mpaka tuwe tumewatazama samaki hao masika na kiangazi, halafu turudi kusema tulichokiona, kiwe cha kuwapendeza au kisiwapendeze. Masalu alikubali, lakini macho yake yalikuwa kwa Mzee Magesa aliyekuwa amekaa juu ya ndoo. Nadhani alitaka kujua kama huyo naye anakubali. Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja.

Njiani kurudi alinisimulia kisa chake. Wakati angali kijana alipata chembe nyeupe laini kwenye tumbo la kambale, akakimbia kumwambia mkubwa wake kwamba amegundua mayai. Yule bwana akazitazama kwa muda mrefu, akamuuliza kama anajua wavuvi wa pale wanatumia chambo gani. Ilikuwa ugali. Kwa muda mrefu baada ya hapo wenzake walimwita Baba Ugali. Alinisimulia bila kucheka, mimi ndiye niliyecheka mpaka nahodha wa mtumbwi akageuka kutazama. Alichotaka nijue ni kwamba tukikuta mayai tusifurahi, na tusipoyakuta tusifurahi.

Masika ilikuja na maji mekundu. Mto ulibeba majani, matope, vipande vya magugumaji, na kila kilichokuwa kinatambaa bondeni. Matumbo ya gogogo yalikuwa yamejaa mpaka yanang'aa. Nilipasua Madoa, nikakuta kumbikumbi, minyoo na mabuu. Nilipasua Mabaka, nikakuta kumbikumbi, minyoo na mabuu. Kama ungechanganya sahani mbili hizo hakuna ambaye angejua ipi ya nani. Na mayai yalikuwemo, kwa wote wawili. Mzee aliyaangalia, akayaponda moja moja kwa sindano kuhakikisha, akayanusa. Hayakuwa ugali.

Aliinuka akaenda kusimama dirishani. Mimi nilikuwa namfikiria Nyanjige. Nilimuuliza kama ni lazima tuyaandike yale machache. Akasema, "Umeyaona?" Nikasema nimeyaona. "Basi yameshaandikwa. Kilichobaki ni wino."

Safari iliyofuata ndiyo iliyotuumiza. Mto ulikuwa umefura, mtumbwi unayumba, nasi tulikuwa tunapandisha wavu mdomoni mwa mto. Mzee alikuwa anawanasua gogogo, kazi aliyoifanya maisha yake yote: unapitisha vidole viwili nyuma ya mwiba wa mgongo, unaulaza, unamchomoa kwa kichwa. Gogo la mti lilikuja na maji likatugonga ubavuni. Mzee akajishikiza, akamwangukia samaki kwa kiganja. Mwiba uliingia chini ya kidole gumba ukavunjikia ndani.

Hakupiga kelele. Alikaa, akautazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine, akaniambia nimalizie wavu. Nilitaka turudi mara moja, na nahodha naye alishawasha injini, lakini yeye alishikilia mpaka matumbo yakawa kwenye dawa. Sikubaliani naye mpaka leo. Tulipofika Mwanza mkono ulikuwa umevimba mpaka kiwiko.

Madaktari walimpasua zaidi ya mara moja. Walitoa mwiba, wakaokoa mkono, lakini gumba na kidole cha shahada vilikakamaa. Havikukunjika tena. Kwa mkono huo wa kulia asingeweza kushika kisu wala kibano.

Akaacha kuja kazini. Mara ya kwanza tuliambiwa anapumzika, baadaye tukaambiwa anafikiria kuomba kustaafu mapema. Nilikwenda kwake Kirumba siku ya Jumapili baada ya misa. Mkewe alinifungulia, akaninong'oneza kwamba mzee hataki watu, lakini nipite. Nilimkuta sebuleni, mkono ameuficha chini ya kitenge kana kwamba ni mgonjwa amelazwa hapo. Nilimwamkia. Nikamweleza habari za ofisini, nani kahama, nani kaoa. Aliitikia kwa adabu tu. Mwishowe nikamwambia kwamba kiangazi kimeingia, matumbo ya mto ule yamefika, na Dokta ameniachia niyapasue peke yangu.

"Pasua," akasema. "Umeshajua."

"Kupasua najua, Mzee. Kutazama bado."

"Kabula, mimi sina mkono."

"Mkono ninao mimi. Wewe lete macho."

Alikitengeneza kitenge juu ya mkono. Kisha mzee akauliza kama ile hadubini ya upande wa dirishani bado inayumba, maana mara ya mwisho aliikazia kwa kipande cha kadibodi na asingependa mtu akitoe. Nikasema kipo. Kesho yake nilipofika kazini nilimkuta amekaa, koti la kijivu mwilini, mkono wa kushoto kwenye skrubu ya hadubini.

Tukafanya kazi hivyo. Mimi nilikaa kulia kwa meza nikapasua na kuchambua, kisha nikasukuma sahani kushoto, alikokaa yeye na hadubini. Yeye akatazama na kusema: kichwa cha buu, mlango wa konokono, nyuzi za jani lililooza. Nikaandika. Vijana waliopita korido walisema tunafanana na mume na mke wanaochambua mchele. Ilikuwa miezi mizuri kuliko yote niliyofanya kazi, ingawa wakati ule sikujua. Nilijua tu kwamba mgongo unaniuma.

Kiangazi kilituonyesha jambo lingine kabisa. Mto ulikuwa mwembamba, maji meupe, chakula kidogo. Na ndugu wawili hao walikuwa wameachana. Madoa alikuwa amejaa konokono, magamba yaliyopondwa na vile vifuniko vya mlangoni. Mabaka alikuwa na mabuu ya tope, ya wale wadudu wanaopanda juu ya ziwa kama moshi, pamoja na uozo wa majani. Tulirudia, tukadhani tumekosea vibandiko. Tulikwenda tena mtoni tukaleta wengine. Ikawa vile vile. Mzee aliinua uso kutoka kwenye hadubini, na kwa mara ya kwanza tangu aumie nilimwona akitabasamu.

"Kumbe neema ndiyo iliyowakalisha sahani moja," akasema. "Shida ikija, kila mtu na jiko lake."

Dokta alipoletewa hayo alikaa nasi mchana kutwa akatuuliza maswali, tena akatuambia ndicho alichokuwa akikishuku lakini hakuthubutu kukisema kabla ya kukiona. Ila palibaki mayai. Kwa hayo Dokta alikuwa ametuagiza tangu masika tupasue na samaki wengine wa pale mtoni. Kambale aliyala, furu, wale samaki wadogo wadogo, waliyala. Kila mwenye mdomo aliyala wiki zile, na yalipoisha kila mmoja akarudi kwenye chakula chake. Wakati huo huo nahodha wetu alikuwa amechora kwenye ramani mahali nyavu za makila, zile zinazosimama majini kama ukuta, zilipotegwa masika. Zilitegwa kutoka ng'ambo hadi ng'ambo. Ningu wengi hawakufika hata kutaga.

Usiku wa kuamkia siku ya kurudi mwaloni sikupata usingizi mzuri. Dokta alieleza kwa utaratibu, kwa Kiswahili chepesi, akaonyesha na michoro. Watu walisikiliza, lakini alipotaja nyavu kelele zikaanza. Mmoja akasema wataalamu wamekuja kumtetea samaki na kumshitaki mtu. Masalu aliinua mkono wanyamaze. Akamgeukia Mzee Magesa, akamuuliza mbele ya wote: gogogo anakula mayai ya ningu, au hali?

Mzee alisimama. Hakuwa mtu wa mikutano, na mkono wake mbovu ulikuwa wazi, kila mtu akauona.

"Anakula," akasema. "Nimeyaona kwa macho yangu, na huyu binti ndiye aliyeyatoa. Siwezi kuwaficha."

Wanaume walitazamana. Nyanjige aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mzee akaendelea, polepole, akasema anakula kwa majuma yale machache, kama vile sisi tunavyookota kumbikumbi mvua zikinyesha, na hakuna nyumba inayoishi kwa kumbikumbi mwaka mzima. Akasema gogogo na ningu wamekuwa kwenye mto ule tangu babu zao, gogogo akila mayai, na ningu bado walikuwa wakipanda hata kina mama wakawaokota kwa tenga. Akauliza ni kitu gani kilichopo mtoni leo ambacho babu zao hawakukijua. Hakujibu mwenyewe. Akakaa.

Kisha Masalu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka, akamwambia Mzee kwamba huyo gogogo kamuumiza hivyo na bado anamsemea. Mzee akasema hamsemei, anasema tu alichokula huyo samaki.

Kokoro halikuvutwa. Walikubaliana mwaloni kwao kwamba masika makila yasitegwe kuziba mdomo wa mto, pabaki njia katikati. Sitawadanganya kwamba kila mtu alitii, wapo waliotega kwa kujificha, na Masalu aligombana nao mpaka na shemeji yake mwenyewe. Ningu hawakurudi kama zamani. Walirudi kiasi. Masika moja Nyanjige alinitumia wawili, wamebanikwa vizuri, wamefungwa kwenye gazeti, kupitia kwa dereva wa gari la samaki. Mzee Magesa alipewa mmoja. Alimla akammaliza, mkewe aliniambia, na hakumgawia mtu.

Siku hizi naambiwa mnaweza kuchukua tone la utumbo mkalitia kwenye mashine, ikawatajia kila kilicholiwa hata kama kimekuwa maji. Nimefurahi. Kuna vitu vingi vilivyopita mbele yetu vikiwa uji na hatukuvijua. Ila bado mtahitaji mtu wa kwenda mtoni masika na kurudi tena kiangazi, maana mashine haitawaambia kwamba mlikwenda msimu mmoja tu.

Mzee alistaafu kwa umri wake, si kwa mkono wake, na hilo alilipenda liwe wazi. Hakutaka sherehe. Alinywa soda, akakunja koti, akaenda nyumbani kwa miguu.

Jumatatu yake yalikuwepo matumbo kutoka mto mwingine. Nilipasua la kwanza, nikachambua, nikaitandaza sahani vizuri, nikaisukuma kushoto, nikashika kalamu. Nikangoja. Nje watu walikuwa wanaongea, injini ya mtumbwi inaunguruma ziwani, nami bado nimeinamia karatasi, kalamu imegusa mstari, namngoja aseme. Sijui nilikaa hivyo muda gani. Kisha niliinuka, nikazunguka meza, nikakaa kwenye kiti chake, nikainamia hadubini.

"Mlango wa konokono," nikasema kwa sauti, peke yangu, na nikarudi upande wa pili kuandika.